Nikeli isimfanye mkulima wa Nyamiaga atupe jembe

Kwa muda mrefu habari ya nikeli wilayani Ngara imekuwa kama habari ya mvua za vuli. Kila mtu anazisubiri, lakini hakuna mwenye uhakika zitaanza siku gani. Madini hayo yaligunduliwa katika miaka ya 1970, katika utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa. Tangu wakati huo kampuni zimekuja na kuondoka, leseni zimetolewa na kufutwa, na mazungumzo kwenye vijiwe vya Nyamiaga yamebaki yale yale: mgodi ukianza, maisha yatabadilika.

Ni kweli yanaweza kubadilika. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wa wilaya hii hawajalipa uzito unaostahili. Nani hasa anayenunua nikeli, na ni kitu gani kitakachomfanya aendelee kuinunua kesho? Jibu la swali hilo halipo kwenye kilima cha Bugarama. Sehemu yake imo ndani ya simu ambayo mkulima huyo huyo anaitumia kupokea malipo ya maharage na ndizi zake.

Simu janja ya kawaida hubeba ndani yake takriban vipande elfu moja vidogo vinavyoitwa kapasita. Vingi ni vidogo kuliko punje ya ulezi. Kazi yake ni kuhifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi sana na kuitoa inapohitajika, ili mtiririko wa umeme ndani ya simu usiyumbe. Vipande hivyo vikiondolewa, simu haiwaki.

Kapasita hiyo imetengenezwa kwa seramiki, yaani unga wa madini uliochomwa kwenye tanuru mpaka ukashikana, kwa kanuni ile ile ya chungu cha mfinyanzi. Unga wenyewe ni titaneti ya bariamu. Umepangwa matabaka membamba, mara nyingine mamia kadhaa, na kati ya tabaka moja na jingine kuna utando wa chuma. Utando huo, katika kapasita nyingi za siku hizi, ni nikeli.

Seramiki hii iko katika kundi ambalo wataalamu wanaliita feroelektriki. Jina hilo halina maana kwamba ina chuma ndani yake. Maana yake ni kwamba chembe zake huweza kuelekea upande mmoja wa umeme na kubaki hivyo, kama sumaku inavyobaki na upande wake wa kaskazini. Kwa sababu ya tabia hiyo, ina uwezo mkubwa wa kuhifadhi chaji. Uwezo wa hewa ukihesabiwa kuwa moja, ule wa ulanga ni kama sita, na wa titaneti ya bariamu unazidi elfu moja.

Lakini titaneti ya bariamu ikiwa tupu ina kasoro. Uwezo wake hubadilika sana kadiri joto linavyobadilika, na hupanda ghafla inapokaribia nyuzi joto 120. Kifaa cha namna hiyo hakiuziki. Hakuna anayetaka redio inayosikika asubuhi na kukoroma mchana. Hapo ndipo viungo vinapoingia.

Mkulima wa kahawa analielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Mti wa kahawa unahitaji naitrojeni na potasiamu kwa wingi, lakini pia unahitaji boroni na zinki kwa kiasi kidogo mno. Ukikosa hicho kidogo, majani hudumaa na matunda hupungua. Ukizidishiwa boroni, mti unaungua. Seramiki iko vivyo hivyo. Watengenezaji hutia viungo kama manganizi, magnesiamu, disprosiamu au lanthanamu, mara nyingi chini ya sehemu chache katika mia, na tabia yake ya umeme hubadilika kabisa.

Chukua mfano wa lanthanamu. Titaneti ya bariamu tupu haipitishi umeme. Ikitiwa lanthanamu chini ya nusu ya asilimia na kuchomwa vizuri, huanza kupitisha. Ikizidishiwa, hurudi kuwa kizuizi. Tofauti kati ya mali na takataka hapo ni gramu chache katika kilo nzima.

Mwenye duka la soda anakutana na seramiki ya aina hiyo kila siku bila kujua. Friji nyingi ndogo huwasha mota yake kwa msaada wa kidonge cha titaneti ya bariamu iliyotiwa kiungo. Kikiwa baridi hupitisha umeme na mota huanza kuzunguka. Kikipata moto huzuia umeme, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Ndiyo sababu umeme ukikatika na kurudi papo hapo, friji hunguruma bila kuwaka. Kidonge bado ni cha moto. Mwenye duka anayezima friji na kusubiri kama dakika tano kabla ya kuiwasha anaokoa mota, na pengine anaokoa faida ya mwezi mzima ambayo ingekwenda kwa fundi.

Sasa turudi kwenye nikeli, maana hapa ndipo penye somo kubwa la uchumi.

Zamani utando ulio katikati ya matabaka ya kapasita haukuwa nikeli. Ulikuwa paladiamu, madini ya bei mbaya yanayotoka zaidi Urusi na Afrika Kusini. Watengenezaji waliitumia kwa sababu inavumilia moto wa tanuru bila kushika kutu. Nikeli ilikuwa rahisi, lakini ikichomwa kwenye hewa ya kawaida inageuka kutu yote na kupoteza kazi.

Njia moja ilikuwa kuchoma kwenye tanuru lisilo na oksijeni ya kutosha. Mchoma matofali anajua kwamba tanuru likizibwa sana tofali hutoka na rangi nyingine. Kwa titaneti ya bariamu madhara yalikuwa makubwa kuliko rangi. Tanuru la namna hiyo liliinyang'anya seramiki oksijeni yake yenyewe, ikaanza kuvujisha umeme. Nikeli ilipona, lakini kapasita ilikufa.

Suluhisho lilikuwa viungo. Watafiti, hasa wa Japani, waligundua kwamba manganizi, magnesiamu na madini adimu kama disprosiamu huifanya seramiki istahimili tanuru hilo bila kuvuja. Katika miaka ya 1990 viwanda vikaanza kuhamia kwenye nikeli. Bei ya paladiamu ilipovuka Dola 1,000 za Marekani kwa wakia moja, yaani gramu 31, Januari 2001, uhamaji huo ukawa mbio. Wakati huo kilo nzima ya nikeli haikufika Dola 10.

Kwa maneno mengine, paladiamu ilipoteza soko na nikeli ikalipata bila mgodi mpya kufunguliwa na bila mgodi wa zamani kufungwa. Lililobadilika ni maarifa ya maabara juu ya kiungo kidogo.

Ni vyema kuwa wakweli hapa. Kapasita zinatumia sehemu ndogo tu ya nikeli ya dunia. Takriban theluthi mbili ya nikeli yote hutengeneza chuma cha pua, kile cha masufuria na mabomba ya viwanda vya maziwa. Sehemu nyingine huenda kwenye betri za magari ya umeme, na betri hizo ndizo zilizoupa mradi wa Kabanga sifa katika miaka ya karibuni. Lakini kisa cha kapasita kinaonyesha waziwazi jinsi soko la madini linavyozaliwa, na jinsi linavyoweza kufa.

Maana kinachotolewa na maabara, maabara inaweza kukichukua. Hivi sasa betri za chuma na fosfati, ambazo hazina nikeli hata kidogo, zimekwisha kuchukua takriban nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Wakati huo huo Indonesia, iliyopiga marufuku kusafirisha mawe ghafi ya nikeli mwaka 2020, imepanua viwanda vyake mpaka inatoa zaidi ya nusu ya nikeli yote inayochimbwa.

Matokeo yameonekana. Machi 8, 2022 bei ya nikeli katika soko la London ilivuka Dola 100,000 kwa tani, soko likafungwa na mauzo ya siku hiyo yakafutwa. Mwisho wa mwaka 2023 bei ilikuwa chini ya Dola 17,000. Kampuni kubwa ya BHP ilisimamisha migodi yake ya nikeli huko Australia Magharibi mwaka 2024, na Julai 2025 ikauza hisa zake katika mradi wa Kabanga.

Je, hiyo ina maana mgodi wa Ngara ni ndoto? La hasha. Upembuzi yakinifu uliotolewa Julai 2025 ulikadiria akiba ya tani milioni 52 za mawe yenye nikeli ya karibu asilimia 2, kiwango kizuri kwa vipimo vya dunia, pamoja na shaba na kobalti. Serikali ina asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel, kwa makubaliano ya Januari 2021. Utajiri upo chini ya ardhi.

Lakini upembuzi huo huo umekadiria uhai wa mgodi kuwa miaka 18. Mti wa kahawa uliopandwa na kutunzwa vizuri unaweza kuzaa miaka 30 na zaidi. Shamba la migomba linalopata samadi hurithiwa na wajukuu. Mkulima anayeuza shamba lake leo kwa matumaini ya kibarua cha mgodini anabadilisha mali ya vizazi kwa ajira ya kizazi kimoja, tena ajira ambayo bei yake inapangwa London na kazi yake inapangwa maabara za Japani na China.

Mfano hauko mbali. Kwale, katika pwani ya Kenya, kulikuwa na mgodi wa mchanga wa titani, madini ambayo nayo ni sehemu ya titaneti ya bariamu, ingawa mengi huenda kwenye rangi za kupaka. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa mwaka 2013. Ulisimama Desemba 2024. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa hakuwa amemaliza shule ya sekondari ulipofungwa.

Mbali na maabara, masoko hujengwa pia na sheria. Hapa seramiki inatoa fundisho la pili.

Seramiki nyingine ya feroelektriki, ile inayotumika kwenye vipimo vya ultrasound vya hospitali na viberiti vya gesi vya kubofya, kwa muda mrefu imetengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi ni zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake. Hufanya kazi vizuri mno, lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na haiishi sumu yake hata kifaa kikishatupwa.

Kuanzia Julai 1, 2006 Umoja wa Ulaya uliweka mipaka mikali ya risasi katika vifaa vya umeme. Seramiki hizo zilipewa msamaha kwa kuwa hapakuwa na mbadala wa kutosha, lakini ujumbe ulifika. Mwaka 2004 watafiti wa Japani, kutoka maabara ya Toyota na kampuni ya Denso, walikwisha kutangaza seramiki isiyo na risasi yenye nguvu iliyokaribia ile ya risasi. Msingi wake ni potasiamu, sodiamu na niobiamu, pamoja na viungo kama lithiamu na tantali.

Niobiamu ipo Tanzania, katika kilima cha Panda karibu na Mbeya, na imejulikana hapo tangu miaka ya 1950. Ipo pia ndani ya koltani inayochimbwa mashariki mwa Kongo. Sheria iliyoandikwa Ulaya inaweza basi kuipa bei mpya ardhi ya Mbeya, kama sheria nyingine inavyoweza kuishusha bei ya nikeli ya Ngara. Mkulima hana kura katika sheria hizo.

Suala la risasi lina upande mwingine unaomgusa mwananchi wa kawaida moja kwa moja. Betri nyingi za sola vijijini ni za risasi na asidi. Zikifa hununuliwa na wakusanyaji wa vyuma chakavu, na baadhi huvunjwa kwa nyundo uani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji ya kiwanda cha kuyeyusha betri viliwadhuru wakazi, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, na shauri likaendelea kwenye rufaa. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu anayepata faida ya siku moja kwa kuvunja betri karibu na jikoni anaweka rehani akili za watoto wake. Betri iuzwe nzima, haijavunjwa, haijamwagwa asidi.

Kwa hiyo mkulima wa Nyamiaga afanye nini? Wapo watakaosema kwamba mambo ya maabara na London si ya kwake, na kwamba asubiri mgodi ufunguliwe ndipo apange. Huo ni ushauri mbaya. Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa wilaya, na yote yanatakiwa kuanza kabla lori la kwanza halijatoka Bugarama.

La kwanza ni soko la chakula. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinazitaka kampuni za madini kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kanuni hizo hazisemi kwamba maharage yatoke Nyamiaga. Yanaweza kutoka Kahama au Mwanza kama huko ndiko kwenye uhakika.

Mnunuzi mkubwa hununua uhakika. Kapasita nzuri ni ile inayofanya kazi karibu sawasawa kutoka nyuzi 55 chini ya sifuri mpaka nyuzi 125, ndiyo maana inanunuliwa kwa mamilioni. Jiko la mgodi nalo linataka mayai, mboga na maharage yale yale masika na kiangazi, kwa uzito ule ule na daraja lile lile. Mkulima mmoja hawezi kutoa ahadi hiyo. Kikundi kilichosajiliwa, chenye ghala, mizani iliyohakikiwa, daftari la mauzo na akaunti ya benki kinaweza.

La pili ni ushuru. Sheria inaziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma kwa asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni. Vilevile Sheria ya Madini inazitaka kampuni kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuisaidia jamii inayozunguka mgodi. Lakini kiwanda cha kusafisha nikeli kimepangwa kujengwa Kahama, mkoani Shinyanga. Madiwani wa Ngara wanapaswa kujua mapema, tena kwa maandishi, ushuru utahesabiwa wapi na utagawanywaje. Wasipouliza sasa, watauliza wakati fedha zimeshagawanywa.

Na fedha hizo zikipatikana, ziwekwe kwenye vitu vitakavyobaki baada ya miaka 18: miche bora ya kahawa, maji ya umwagiliaji, barabara za kutoa mazao, na mashine za kuongeza thamani ya kahawa na nafaka. Umeme si kisingizio tena. Maporomoko ya Rusumo, ndani ya wilaya hii hii, yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

La tatu ni shule. Nchi yetu ilipozuia kusafirisha makinikia mwaka 2017, hoja ilikuwa kwamba thamani ibaki nyumbani. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini kusafisha nikeli ni hatua ya kwanza tu. Thamani kubwa iko kwa anayejua ni gramu ngapi za disprosiamu ziende kwenye kilo ya unga, na tanuru lichomwe vipi. Si lazima Ngara ijenge kiwanda cha kapasita, na anayeiahidi hivyo anawadanganya wananchi. Lakini maabara ya sekondari yenye mizani nyeti, kemikali na mwalimu wa fizikia ni kitu ambacho mpango wa kuisaidia jamii unaweza kukilipia. Kutoka hapo kijana anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na kuwa yule anayepima, badala ya kubaki kuwa yule anayebeba.

Wakulima wa Kagera wanalijua somo hili kwa kahawa. Kwa miaka mingi wameuza kahawa kwa kilo, wakati mnywaji wa Ulaya ananunua ladha. Tofauti ya bei kati ya kilo na ladha imebaki mikononi mwa wengine. Nikeli nayo ikiuzwa kwa tani tu, bila maarifa, itafuata njia ile ile.

Mgodi ukija ukaribishwe, kwa mikataba iliyosomwa na maswali yaliyojibiwa. Ukichelewa, migomba ipaliliwe na maharage yapandwe kwa msimu. Kwa vyovyote vile jembe la Nyamiaga lisitundikwe ukutani, maana hakuna maabara duniani iliyogundua kiungo cha kumfanya binadamu aishi bila kula.